Plagini ya Keyboard Maestro imegoma kuingia, ankara za dagaa zinanisubiri

Mtoto wa Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, mimi si mtaalamu wa programu. Nina steshenari hapa Kirumba, Mwanza, karibu na mwaloni. Wateja wangu wengi ni wa dagaa, na kila mmoja anataka ankara yenye kiasi kwa tarakimu na kwa maneno: 280,000/=, halafu chini yake "Shilingi laki mbili na elfu themanini tu". Asubuhi mzigo ukishashushwa naandika hizo karatasi mpaka vidole vinaingia ganzi, na nikikosea sifuri moja mteja ananirushia karatasi yangu.

Mac yangu ni ya mtumba, ina macOS 13. Keyboard Maestro, ile programu ya kuifanya Mac irudie kazi yenyewe, ipo na makro zangu nyingine (amri nilizoipangia) zinafanya kazi. Jamaa niliyesoma naye aliwahi kuandika plagini, yaani kiprogramu cha nyongeza, ya kugeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, 2016 huko. Kanitumia faili la zipu WhatsApp, akasema iburute uidondoshe kwenye ikoni ya Keyboard Maestro pale Dock, basi. Nimedondosha, kimya. Nimezima na kuwasha mashine mara tatu, kimya. Mwenyewe siku hizi yuko Windows, anasema kashasahau kila kitu.

Sangara Mkavu
Peleka mjini kwa fundi aifomati akuwekee Windows. Tatizo limeisha.

Dada wa Nyegezi
Sangara, mtu kauliza njia ya Kirumba wewe unamwelekeza Igoma.
Mtoto wa Mwaloni, ulichodondosha ni zipu au folda? Na ulipakua kwa Safari? Maana Safari ina kiherehere, ikimaliza kupakua inaifungua zipu yenyewe, wewe unabaki na folda. Keyboard Maestro inapokea zipu.

Mtoto wa Mwaloni
Ni folda kweli, dada! Wala sikuliona hilo.

Dada wa Nyegezi
Basi iweke kwa mkono. Kwenye Finder fungua menyu ya Go huku umeshikilia kitufe cha Option, ndipo Library itajitokeza, huwa imefichwa. Ingia Application Support, kisha Keyboard Maestro, kisha Keyboard Maestro Actions. Weka folda humo.
Ila ichungulie kwanza. Ukiifungua tu unatakiwa ukutane na faili linaloitwa Keyboard Maestro Action.plist. Ukikuta folda nyingine ndani yake kama sufuria za dukani, chukua ile ya ndani, ya nje achana nayo. Halafu funga programu uifungue upya, utafute kundi la Third Party Plug Ins.

Mtoto wa Mwaloni
Zilikuwa sufuria mbili 😂 Sasa plagini inaonekana! Ila nikiiendesha haiandiki chochote. Hata herufi moja.

Mzee wa Bismarck
Nenda Help, bonyeza Open Logs Folder, fungua Engine.log. Tuletee mistari ya mwisho.

Mtoto wa Mwaloni
Kuna huu, mzee wangu:
`env: python: No such file or directory`

Mzee wa Bismarck
Nilijua. Plagini imeshaingia, usiihangaikie tena. Apple waliiondoa Python 2.7, lugha ya programu, kuanzia macOS 12.3, mwaka 2022, kwa hiyo skripti ya jamaa yako (faili la amri lililo ndani ya plagini) inabisha hodi nyumba ambayo mwenyewe alishahama. Fungua Terminal, ile programu ya kuandikia amri, andika `xcode-select --install`, utapata Python 3. Ni mzigo mkubwa, usithubutu kwa bando la saa moja. Kisha mstari wa kwanza wa skripti, palipoandikwa python weka python3. Na uibandike hapa, ya 2016 haiwezi kukubali bila kuguswa.

Mtoto wa Mwaloni
Nimerudi wakuu, siku mbili nilikuwa nadoea waifai ya jirani. Skripti ni ndefu, nabandika vipande vinavyoleta lawama:
`neno = namba[n / 100000]`
`print maneno`

Mzee wa Bismarck
Cha chini ni chepesi: `print(maneno)`. Cha juu ndicho chenye sumu. Python 2 ukigawanya 280000 kwa 100000 ilikupa 2, masalia ikayatupa. Python 3 inakupa 2.8, halafu inakwenda kutafuta kwenye orodha neno la namba 2.8. Italipata wapi? Kila penye mkwaju mmoja wa kugawanya weka miwili, `//`.
Usiwe unajaribu kupitia makro, utachoka. Keyboard Maestro hupeleka ulichojaza kwa jina linaloanza na KMPARAM_, kwa hiyo kama kisanduku chako kinaitwa Kiasi, ingia kwenye folda ile kwa Terminal uandike `KMPARAM_Kiasi=280000 python3` na jina la skripti. Jibu litatoka hapo hapo.

Mtoto wa Mwaloni
IMEKUBALI! "laki mbili na elfu themanini". Nimeijaribu na ndani ya Keyboard Maestro, poa kabisa. Mungu awabariki, dada na mzee.
Swali la mwisho. 1,250,000 inaandika "milioni moja na laki mbili na elfu hamsini". Mama mmoja hapa dukani anasema "na" zimezidi, na hataki kuchukua karatasi.

Dada wa Nyegezi
Mwambie akuhesabie yeye kwa sauti, uone atazitaja ngapi.

Mtoto wa Mwaloni
Kataja mbili. Amechukua karatasi.