Forester turbo, kilomita 238,000: ovaholi, injini ya Japani, au niiuze?

Ngokolo_05

Habari za jioni wakuu. Naomba mnivumilie niandike kwa kirefu, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Nina Subaru Forester SG5 ya 2005, ile ya turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), injini EJ205, gia otomatiki. Niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2017 ikiwa na kilomita 121,000, leo inasoma 238,000. Niko Shinyanga. Kila mwezi nampeleka mama kliniki Bugando kule Mwanza, zaidi ya kilomita 150 kwenda tu, na miaka yote hiyo gari halijatulaza njiani hata siku moja. Ndiyo maana nalipenda, na ndiyo maana nataka kuamua vizuri.

Tangu mwezi wa pili linakula oili, sasa hivi karibu lita moja kila kilomita 800. Nikisimama foleni kisha nikakanyaga mafuta, moshi wa bluu unatoka nyuma mpaka naona aibu. Nguvu imepungua, kwenye mlima linatetemeka. Fundi amepima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa psi: silinda ya kwanza 150, ya pili 145, ya tatu 148, ya nne 95.

Fundi wa kwanza anasema injini imekufa, nitoe milioni nne na nusu aagize ya Japani iliyotumika kutoka Dar, siku tatu gari liko barabarani. Wa pili anasema milioni mbili na laki nane anabadilisha ringi na gasketi, linarudi jipya. Shemeji yangu anasema niliuze hivyo hivyo lilivyo.

Pesa ninayo ya kufanya jambo moja tu, na mara moja tu. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Kirumba_Boy

Pole mkuu. Mimi ningeuza. Subaru ya turbo ikishavuka laki mbili ni kama mgonjwa wa sukari, unatibu hapa panafumuka pale. Chukua Rav4 ulale usingizi.

Fundi_Boksa

Ndugu Ngokolo, kabla hujatoa hata shilingi, kuna swali ambalo hakuna aliyekujibu: hiyo injini imekufa kwa nini? Nimefanya kazi za Subaru miaka kumi na minne, na watu wengi waliopoteza pesa zao waliruka swali hilo. Unanunua injini nzuri, inapandishwa, miezi mitano baadaye inakufa kwa ugonjwa ule ule, halafu lawama zinakwenda kwa aliyeiuza.

Vipimo ulivyonavyo havitoshi. Silinda tatu ziko sawa, moja ndiyo imeanguka, ya nne. Hilo linaweza kuwa ringi, linaweza kuwa pistoni imekatika pale ringi zinapokaa (EJ za turbo zinasifika kwa hilo, na mara nyingi ni silinda hiyo hiyo ya nne), linaweza kuwa vavu ya ekzosi imeungua. Matibabu yake ni matatu tofauti na bei zake zimeachana mbali.

Mafundi wengi watakwambia wamwage oili kidogo kwenye silinda wapime tena. Ikipanda basi ni ringi. Kwenye injini ambayo silinda zake zimesimama wima ni sawa. Kwenye boksa kama hii ya Subaru silinda zimelala ubavu, oili inatulia upande wa chini, haizibi ringi yote, na jibu linakudanganya. Tafuta fundi mwenye kompresa. Pistoni ya nne ipandishwe mpaka juu, vavu zote zikiwa zimefungwa, upepo uingizwe kupitia tundu la plagi. Kisha sikiliza. Upepo ukitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi au pistoni. Ukitokea kwenye bomba la ekzosi, ni vavu ya ekzosi. Ukivuma upande wa hewa inayoingia, ni vavu ya kuingizia. Maji yakitoa mapovu, ni gasketi. Ni kazi ya saa moja.

La pili, moshi wa bluu unaotoka baada ya kusimama foleni si lazima uwe wa ringi. Vua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo sana kwenda kando ni kawaida. Ikisogea mbele na nyuma ukaisikia, au mapanga yakigusa ukuta, turbo imekwisha. Angalia na ndani ya intakuula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) kama kuna oili imetuama.

La tatu, na hili usiliache: kata filta ya oili, toa ile karatasi, ikunjue juani uone kama kuna chembe za chuma.

MamaNasra

Kaka, msikilize huyo fundi. Mimi yalinikuta na gari kama lako. Niliuziwa injini, nikafungiwa turbo yangu ile ile, na kipoza oili kile kile kinachokaa kati ya filta na bloku. Injini ya zamani ilikuwa imekufa beringi, na vyuma vyake vilikuwa vimejaa humo ndani. Injini mpya ikavinywa vyote. Haikumaliza miezi mitatu. Nililia, sikufichi, maana ule ulikuwa mkopo wa kikoba.

Binti_Nyali

Hapa Mombasa Forester za turbo ni nyingi sana, na shida hii twaijua. Kwenye njia ya oili inayokwenda kwa turbo kuna bolti yenye tundu, ndani yake kuna kichujio kidogo cha waya. Ukichelewesha oili, kile kichujio chaziba, na turbo yabaki bila oili ilhali geji haikuonyeshi lolote. Kaka, oili wabadilisha kila kilomita ngapi?

Ngokolo_05

Dada, nilikuwa nabadilisha kila 7,000, wakati mwingine 8,000, kwa sababu mwenye gari wa kwanza aliniambia hivyo. Kusema kweli nilikuwa naongeza tu ikipungua. Kichujio hicho sikuwahi kukisikia mpaka leo.

Binti_Nyali

Basi hapo ndipo. Turbo huichemsha oili vibaya, hasa gari likizimwa likiwa la moto baada ya safari ndefu. Kwa joto letu huku, 5,000 ndio mwisho. Na usisubiri taa. Taa ya oili ikiwaka kwenye EJ, beringi zishaumia.

Mtaalamu_wa_Kuchonga

Niseme neno kuhusu ovaholi ya milioni mbili na laki nane, kwa kuwa kuchonga injini ndiyo kazi inayonilisha. Ringi mpya ndani ya silinda ambayo haijapimwa ni pesa uliyoitupa. Silinda ikishakuwa yai, ringi ya duara haiwezi kuziba. Bloku ya EJ ni vipande viwili vinavyobana krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) katikati, na pini za pistoni zinatolewa kupitia matundu ya ubavuni mwa bloku. Asiyezijua atazigonga kwa nyundo. Silinda zinachongwa bloku ikiwa imefungwa kwa bolti zote, na sahani nene imebanwa juu mahali pa silinda hedi, ili chuma kikae kama kitakavyokaa kazini. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 92, na pistoni kubwa zipo za 0.25 na 0.50.

Muulize fundi wako maswali mawili: umewahi kupasua bloku ya EJ ngapi, na maikromita yako iko wapi nione? Akianza kucheka, chukua funguo zako uondoke.

Ovaholi halali, yenye pistoni, beringi, pampu ya oili, seti ya gasketi, taimingi belti na kazi ya silinda hedi, haiwezi kuwa chini ya injini ya Japani kwa bei. Anayekwambia ni chini ya hapo kuna kitu hatakifanya.

Kirumba_Boy

Kwani asitoe turbo akafunga EJ20 ya kawaida? Kuna jamaa Nyakato wamefanya.

Fundi_Boksa

Inawezekana, lakini unabadilisha kontroli boksi (kompyuta ya injini), nyaya na ekzosi, na mwisho unabaki na gari ambalo hakuna fundi atakayelielewa likiharibika njiani usiku. Kwa mtu anayebeba mgonjwa, mimi sishauri.

Ngokolo_05 (siku tisa baadaye)

Wakuu, nimerudi. Nilimpata kijana mwenye kompresa Mwanza, tukafanya yote mliyosema, na mimi nikiwa nimesimama pale pale.

Silinda ya nne: upepo unavuma kwenye bomba la ekzosi, ukiweka kiganja unausikia wazi. Kwenye mfuniko wa oili, kimya. Kwa hiyo ringi ziko salama, ni vavu. Nilifurahi, nikadhani mambo yamekwisha.

Turbo: shafti inasogea mbele na nyuma. Kwenye intakuula tulikinga oili karibu kikombe cha chai. Kile kichujio cha dada wa Nyali kilikuwa kimeziba kwa masizi magumu kama mkaa.

Kisha tukakata filta. Kwenye mikunjo ya karatasi kuna chembe zinang'aa rangi ya shaba. Sumaku haizishiki.

Fundi_Boksa

Pole sana ndugu yangu. Rangi ya shaba isiyoshikwa na sumaku ni beringi, na kwenye EJ mara nyingi ni za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki. Haijaanza kugonga, lakini iko njiani. Usiendeshe tena. Hata kwenda dukani, usiendeshe.

Ingekuwa vavu peke yake, ningekwambia shusha, tengeneza silinda hedi, rekebisha nafasi za vavu zote (zikibana sana ndiyo vavu inaungua), badilisha turbo, uendelee. Ingekuwa beringi peke yake, ningesema pasua bloku, chonga krenki. Juu kumeharibika na chini kumeharibika, kwa kilomita hizo, na karibu yako hakuna karakana unayoiamini: nenda kwenye injini ya Japani. Nayasema haya nikiwa mtu ninayependa kupasua injini kuliko kuzibadilisha.

Mtaalamu_wa_Kuchonga

Hapo natofautiana kidogo na mkuu. Injini ya Japani nayo hujui imetembea ngapi. Yako ukiichonga vizuri unajua kila beringi iliyomo. Ila gharama ya kuisafirisha bloku na kusubiri pistoni ni kweli itampita mtu mwenye ratiba ya kliniki. Kama ana gari jingine la kumbeba mama, ningesema subiri, chonga. Kama hana, sawa.

Ngokolo_05

Sina jingine. Naombeni basi mnifundishe namna ya kuichagua.

Fundi_Boksa

Nenda mwenyewe Dar, usitume pesa kwa picha. Maandishi ya EJ20 kwenye bloku hayatoshi, EJ20 ni nyingi. Soma namba kamili, na hakikisha ni EJ205 yenye AVCS (mfumo unaobadilisha majira ya vavu kufunguka) kama yako, iliyotoka kwenye otomatiki. Chukua injini tupu. Manifodi yako, nyaya zako na sensa zako zihamie juu yake, hutapata shida ya kontroli boksi.

Fungua mfuniko wa oili, tia kidole. Tope jeusi, ondoka. Toa plagi zote nne, ingiza kamera ndogo, kuta za silinda ziwe na mistari ya kiwandani bila mikwaruzo ya wima. Pima kompresheni pale pale kwa stata na betri. Namba zikaribiane, hilo ni muhimu kuliko namba kubwa. Halafu omba ufungue sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini ikiwa sakafuni ni kazi ya dakika ishirini. Muuzaji akikataa kabisa usifungue, amekujibu.

Kabla ya kuipandisha, ikiwa bado chini: taimingi belti, tensheni na roli zake, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma, thamostati. Belti ikikatika kwenye injini hii pistoni zinagonga vavu, kwa hiyo hapo hakuna cha kubana matumizi. Kipoza oili usikioshe, nunua kingine. Mabomba ya oili ya turbo mapya, bolti yenye kichujio safi. Intakuula ioshwe mpaka itoke kavu. Rejeta ipelekwe ikafunguliwe.

Na maji yatolewe hewa kwa subira, gari likiwa limeinuliwa mbele. Tangi dogo la juu ndilo linaloipoza turbo baada ya kuzima injini, maji yanazunguka yenyewe kwa joto. Hewa ikibaki humo, turbo yako inapikwa kila ukizima.

MamaNasra

Na kaka, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Chukua risiti na nyaraka za injini kwa muuzaji, upeleke TRA (mamlaka ya mapato) ibadilishwe. Usiache, siku ya kuuza au ya ajali ndiyo utakumbuka.

Ngokolo_05 (wiki saba baadaye)

Wakuu, nilidhani nitaandika mapema, nilitaka kwanza nione.

Nilikataa injini tatu Dar. Ya kwanza muuzaji hakukubali sampu ifunguliwe, ya pili ilikuwa na silinda moja ya 110, ya tatu haikuwa na AVCS. Ya nne zote ziko kati ya 155 na 160, sampu safi. Milioni tatu na laki sita. Turbo iliyofanyiwa kazi, kipoza oili, belti na mengine yakafika milioni moja na laki tisa. Jumla nimepita bajeti, nikauza silinda hedi za zamani kufidia kidogo. TRA nimeshapeleka.

Kilomita 500 za kwanza nilimwaga oili nikakata filta mwenyewe uani, mama akiwa amekaa pembeni ananiuliza natafuta nini kwenye uchafu. Karatasi safi. Sasa nina kilomita 2,300, oili kwenye kijiti haijashuka hata alama moja. Nimepita mlima ule ule uliokuwa unanitetemesha, mama amelala kiti cha nyuma.

Filta inayofuata naikata ikifika 5,000. Nitaweka picha hapa.