Naomba ushauri: kumwandaa mtoto mweusi Marekani akikutana na polisi

Habari wanajukwaa. Tunaandaa somo la wazazi wa Kitanzania na Kikongo wanaolea Marekani.

Ya barabarani hayana utata: mikono kwenye usukani, na kabla ya kugusa mfuko aseme, "Leseni iko mfukoni, naomba niitoe." Kazi ipo kwenye mahojiano. Mtoto aliyezoeshwa kutombishia mkubwa huitikia "ndiyo" kila swali ili yaishe, na hapo ndipo anapojikuta amekiri kosa. Tangu hukumu ya Gault ya 1967, ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuhusu watoto wanaoshtakiwa, ana haki ya kunyamaza na kupata wakili, ila aitamke wazi: "Nataka wakili, nataka mzazi wangu," kisha anyamaze kweli. Hata kuinamisha macho, ambako kwetu ni adabu, kule huweza kuonekana anaficha jambo.

Maonyo matupu nayo humjaza hofu. Fahari ya asili yake itangulie. Lakini kusubiri sana ni hatari: Tamir Rice aliuawa na polisi Cleveland, 2014, akiwa na miaka 12, alikuwa na bastola ya kuchezea.

Wenye uzoefu, mnaanza umri gani? Na mnamfundishaje kukataa kwa heshima bila kuvuruga adabu ya nyumbani?