Wanafukia mabwawa ya zamani ya majitaka kando ya mto Msimbazi, Dar es Salaam, usiku usiku, na hakuna aliyetuuliza

Wakuu, salaam.

Tangu Jumatatu tipa zinapita mbele ya nyumba yetu zimebeba kifusi. Zinaanza saa nne usiku, zinakoma adhana ya alfajiri ikisikika. Zikifika mwisho wa barabara zinamwaga ndani ya mabwawa ya zamani ya majitaka, yale yaliyo kando kabisa ya mto na yaliyotelekezwa miaka mingi. Bwawa la mwisho, dogo kuliko yote na lililo jirani zaidi na maji ya Msimbazi, mpaka jana jioni lilishafukiwa nusu. Fensi ya mabati imezungushwa pande mbili. Mlinzi ukimuuliza anasema kaambiwa alinde tu. Dereva mmoja aliyesimama kununua maji ndiye aliyetutobolea: panatengenezwa yadi ya malori.

Hakuna kikao cha mtaa kilichoitishwa. Hakuna bango linalosema mradi wa nani, mkandarasi nani, unaisha lini. Mjumbe wetu hajui, au anajua na kanyamaza. Mtaa wenyewe sitautaja leo, kwa sababu nina familia na hawa watu wanafanya kazi gizani, lakini wa kwetu wakisoma watapajua.

Mimi nimezaliwa hapa. Nikiwa mdogo mabwawa yale yalikuwa hai. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi, kila asubuhi anapita na reki ndefu anaondoa matambara na mifuko kwenye wavu wa kuingilia, halafu anafyeka nyasi za kingo. Harufu ilikuwepo, siwezi kudanganya, ila ilikuwa ya bwawa la kwanza tu. Bwawa la kwanza ndilo lenye kina kirefu: uchafu mzito unazama chini na kuoza bila hewa. Maji yanahamia la pili, lenye kina kifupi na rangi ya kijani kwa sababu ya mwani, na mwani ule ndio unaoyapa hewa. La mwisho ni la kina kidogo kabisa, jua linapiga mpaka chini na kuua vijidudu. Siku nyingi zinapita kabla tone la kwanza halijaufikia mto. Hakuna umeme, hakuna pampu. Jua la Dar lenyewe ndilo mtambo. Waliotuchorea kitu kile walijua wanachofanya.

Kwa hiyo mtu asije hapa kusema yalikufa kwa uzee. Yalikufa kwa sababu tope halikutolewa. Bwawa la namna ile lazima kila baada ya miaka kadhaa likaushwe na tope lichotwe, la sivyo linajaa kutoka chini, maji yanapita juu juu kama mtaro na kutoka machafu vilevile yalivyoingia. Ndivyo ilivyokuwa. Bomba la kuleta majitaka likapasuka, halikuzibwa. Mzee wa reki akastaafu, hakuletwa mwingine. Vali za chuma zikang'olewa kwenda kuuzwa skrepa, mifuniko ya chemba ikafuata. Kilichobaki ni mashimo makubwa yenye tope la miaka mingi, juu yake magugu na matete, na mvua ikinyesha mbu hawatuachi.

Mwaka juzi mtoto wa jirani yetu, wa darasa la pili, alifuata mpira akaukanyaga ule ujani akidhani ni nyasi za uwanja. Alizama mpaka kifuani. Vijana wanaoosha bodaboda pale mtoni ndio waliomvuta kwa kamba ya mzigo. Alilazwa siku nne. Baba yake aliandika barua kuomba pazungushiwe uzio. Ofisi ya kwanza ikamwambia eneo si lao. Ya pili ikamrudisha kwa ya kwanza. Ya tatu ikapokea barua, ikagonga muhuri, basi. Uzio ulipotakiwa kumlinda mtoto, eneo halikuwa na mwenyewe. Leo mabati ya kuzungushia yadi yamepatikana ndani ya siku tatu.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko hayo yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hicho kifungu watu wa bonde tunakijua kwa moyo, maana ndicho tulichosomewa mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, wakati wa bomoabomoa ya nyumba za mabondeni. Shangazi yangu alikuwa na vyumba vinne na leseni ya makazi mkononi, na kodi ya jengo alikuwa analipa. Alichorewa X nyekundu. Kijiko cha kubomolea kilipokuja alikuwa bado anatoa masufuria. Alikubali, akasema sheria ni sheria, bonde ni hatari, akahamia kwa mwanawe Chanika na hakurudi tena mjini. Sasa nimepima kwa hatua zangu mwenyewe kutoka ukingoni mpaka kwenye nguzo ya kwanza ya ile fensi. Hatua thelathini na mbili. Naomba mtu mwenye elimu ya sheria anieleze: ile mita 60 iliyovunja nyumba ya mjane imekwenda wapi?

Halafu mafuriko. Desemba 2011, mvua ile iliyoua watu zaidi ya 40 hapa jijini, walionusurika wakapelekwa Mabwepande, mimi nilikuwepo hapa. Maji ya Msimbazi yalipovunja ukingo yaliingia kwanza kwenye mabwawa. Yakajaa moja, yakajaa la pili, ndipo yakaanza kupanda barabarani kwetu. Muda ule wa kujaa ndio tuliotumia kumtoa bibi aliyekuwa hawezi kutembea, na watoto wa nyumba ya nyuma. Hakuna aliyekufa mtaani kwetu, na mimi naamini kabisa ni kwa sababu maji yalipata pa kusubiri. Ukishindilia kifusi pale, maji ya mvua ijayo yatasubiri wapi? Yatakuja moja kwa moja vitandani mwetu. Mto huu unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, mvua ikinyesha huko juu sisi tunapokea hata kama kwetu kuna jua, na kila mwaka unashusha mchanga, kina kinapungua.

Tena mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili hili la Msimbazi. Huko chini Jangwani mpango ni kuchimba na kuupanua mto upate nafasi ya kupumua, na watu wamehamishwa kwa ajili hiyo. Fedha hiyo italipwa na wajukuu zetu. Huku juu mtu mmoja anafukia kwa tipa nafasi ambayo mto tayari unayo bure. Nani anasimamia mto mzima?

Kuna jirani ananiambia, wewe unatetea mashimo ya kinyesi, si bora pafukiwe tu pawe pasafi? Namwelewa, lakini hapasafishwi. Kifusi kinamwagwa juu ya tope bichi. Mayai ya minyoo yanaweza kukaa hai ndani ya tope la majitaka kwa miaka. Na mabwawa haya yalipokea pia maji ya viwanda. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakipima mboga za bonde hili na kukuta madini mazito kama risasi. Kina mama wanaolima mchicha na matembele hapo jirani wameniambia tangu Jumanne tope jeusi linasukumwa na kifusi na kutiririka kwenye mitaro yao ya kumwagilia. Mchicha huo unaliwa mji mzima, pengine umeula leo mchana.

Sisi tunataka nini? Tipa zisimame kwanza. Tope lipimwe na watu wenye maabara, lichotwe na kupelekwa panapostahili, kabla ya neno lolote kuhusu matumizi ya eneo. Vijana wa hapa wanataka uwanja wa mpira. Ningependa wapate, ila si juu ya tope ambalo hakuna anayejua lina nini. Maoni yangu ni kwamba mabwawa mawili ya chini yaachwe wazi yapokee maji ya mafuriko, yaoteshwe matete yanayochuja, na lile la kwanza likarabatiwe lipokee magari ya majitaka. Sehemu kubwa ya jiji hili haijaunganishwa na bomba la majitaka. Tunaishi kwa vyoo vya shimo na makaro. Gari la kunyonya likitoka hapa linakwenda mbali kumwaga, bei inapanda, mwenye nyumba anashindwa, mvua ikianza anatapisha choo mtaroni usiku. Kila masika tunaruka maji hayo tukienda kazini. Jiji lilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.3 kwenye sensa ya 2012, sensa ya 2022 ikakuta karibu milioni 5.4. Halafu sehemu iliyojengwa kwa kusafishia uchafu wa watu inageuzwa maegesho!

Wakuu, naomba msaada wa kweli, si pole. Mwenye ramani za zamani za mipango miji za bonde hili, za miaka ya 1970 au 1980, zinazoonyesha eneo liliandikwa la matumizi gani, anitafute inboksi. Anayejua namna ya kuomba kuona cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, anielekeze ofisi na dirisha. Mwanasheria anayeweza kutuandikia maombi ya zuio kwa malipo ya awamu, tupo kaya thelathini na sita, tumeshaanza kuchanga.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kwenye mwembe nyuma ya msikiti, wa kwetu mnapajua. Njooni na vitambulisho vya kupigia sahihi. Namba za tipa nimeandika kwenye daftari, za siku zote nne, na picha nitaziweka hapa kukipambazuka.