Mrejesho: MGB ya 1972 iliyokuwa inamisi mlima wa Ipogolo

Wakuu, niliuliza kuhusu MGB (gari dogo la michezo la Kiingereza) inayomisi, yaani injini inakatakata, ikipanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini, kisha inatulia yenyewe. Wengi mlisema kabureta. Siyo.

Sindano ya RPM (mita ya mizunguko ya injini) ilikuwa inaanguka ghafla wakati gari bado linatembea. Hiyo ni dalili ya umeme upande wa pointi (swichi ndogo inayokata umeme wa koili ili plagi zitoe cheche), mafuta hayahusiki. Kosa ni waya mfupi wa ethi ndani ya distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), kati ya sahani inayobeba pointi na bodi ya distribyuta yenyewe. Kwa nje mzima kabisa, ndani nyuzi zimekatika, zinagusana tu sahani ikiwa imetulia. Ndiyo maana mita ya kupimia umeme ilisoma safi gari likiwa limezimwa! Nyonya mpira wa vakyumu unaoingia kwenye distribyuta kwa mdomo ili sahani izunguke, na hapo ndipo mita inaruka.

Waya mpya uwe laini wa nyuzi nyingi, wenye ulegevu kidogo lakini usiguse shafti. Wa kufungia taa za nyumbani ni mgumu, utakatika tena. Mwanya wa pointi nimeweka 0.38 mm, wa plagi 0.64 mm, halafu taimingi (wakati wa cheche) ikapimwa upya. Kondensa ya pointi niliyonunua bila sababu ipo kwenye buti.