Ushauri: nafundisha miamba, shule haina hata jiwe moja la kuonyesha

Mwl_Chaki: Wakuu, shikamoo kwa wakubwa, wengine habari zenu. Nafundisha shule ya msingi kijijini, mkoa wa Lindi. Nimefika mada ya miamba: mwamba moto, mwamba tabaka, mwamba geu. Watoto wanakariri tu. Nifanyeje? Na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vinaruhusiwa kushikwa darasani? Naomba msaada wa haraka, usiku silali.

Bi_Mkubwa_Tanga: Marahaba mwanangu. Jiwe la chokaa lidondoshee ndimu, likitoa mapovu hawasahau. Kisha chupa ya plastiki: tia kokoto, mchanga, udongo na maji, tikisa, iache mpaka kesho. Kokoto zitakaa chini, tope laini juu. Mwamba tabaka huo, hujatoa hata senti.

Nyundo_Mbili: Enzi zetu tulichora volkano, asiye na penseli ya rangi nyekundu anachapwa. Mpaka leo nikiiona kwenye TV mgongo unawasha.

Ngumi_Kavu: Mtu anakosa usingizi kwa mada ya miamba? Sema ukweli.

Mwl_Chaki: Sawa. Mtoto mmoja alileta kitu kama goti la ng'ombe, ila ni jiwe, kizito. Nikatangaza kila atakayeleta kingine nampa daftari. Sasa nina kiroba chini ya kitanda.

Mjukuu_wa_Rupia: Mali ya Mjerumani hiyo! Njoo inbox mkuu, nina kifaa cha kupima.

Mstaafu_Makumbusho: Mjerumani mali yake alishaibeba, tena ni mifupa hiyo hiyo. Kuanzia 1909 hadi 1913 walichimba Tendaguru, kilima cha huko huko Lindi, wapagazi wakaibeba kichwani hadi Lindi mjini, zaidi ya tani 200. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Dinosaria mmoja wa huko amesimamishwa Berlin, kimo kinapita mita 13. Mwalimu, mfupa ukitolewa kwenye tabaka lake bila kuandikwa ulikokuwa, hata umri wake unakuwa wa kubahatisha. Na kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: ukiokota unatoa taarifa. Usiuze.

Mwl_Chaki: Kuuza nani kataja?

Ngumi_Kavu: Mbona umeruka? Umepokea shilingi ngapi?

Mwl_Chaki: Ni advansi tu, na ndiyo iliyonunua madaftari, kwa hiyo imerudi kwa watoto. Halafu nikitoa taarifa vitachukuliwa kama vile vya kwanza. Watoto wa hapa wataona nini? Wapande ndege kwenda Berlin?

Bi_Mkubwa_Tanga: Hilo la Berlin una haki ya kuuliza. Lakini hao watoto umewafundisha uchuuzi, mwanangu, miamba bado.

Kijiko_cha_Chai: Chai hii, mimi nimeshaleta kikombe. Mwezi wa tatu huyu huyu alikuwa fundi friji Tabata, anaomba ushauri kuhusu mama mwenye nyumba.

Mwl_Chaki: Akaunti tulikuwa tunatumia wawili na shemeji.

Nyundo_Mbili: 😂😂 Kumbe chini ya kitanda yupo shemeji.

Kijiko_cha_Chai: Weka picha.

Mwl_Chaki: Mtandao wa huku haupandishi picha.

Mstaafu_Makumbusho: Picha ya nini? Futa kipande vumbi, gusisha ulimi. Mfupa wa kale una vitundu vidogo, mara nyingi unanasa ulimi. Si kipimo cha maabara, lakini kokoto la mtoni halinasi.

Mwl_Chaki: Kimenasa.

Nyundo_Mbili: Saa sita usiku mwalimu wa serikali analamba kiroba. Nchi hii!

Mstaafu_Makumbusho: Vyote?

Mwl_Chaki: Vinne kati ya saba nilivyojaribu. Lile goti ndilo limenasa kuliko vyote.

Mstaafu_Makumbusho: Basi usiguse kingine. Asubuhi mwite yule mtoto wa kwanza akuonyeshe alipookota, uandike. Hela ya watu rudisha.

Mwl_Chaki: Mzee, asubuhi saa moja ndiyo anakuja na gari.