Nimechomwa na sindano iliyotumika: nianzie wapi?

Mhudumu, Nachingwea
Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya katika kituo kimoja wilayani. Alfajiri ya leo, nilipokuwa nikitoa shuka za mgonjwa, sindano iliyoachwa chini ya mto ilipenya glavu na kunichoma kidoleni. Kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika wodini kilikuwa kimejaa hadi mdomoni. Niliukamua mchomo nikapaka spiriti, lakini naona haya kumweleza mkuu wa zamu.

Muuguzi mstaafu, Mtwara
Pole sana, mwanangu. Mchomo huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamuliwa wala kupakwa spiriti. Toa taarifa sasa hivi, usingoje zamu iishe, kwa kuwa dawa za kinga dhidi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, nazo hutumiwa kwa siku 28. Aliyeiacha sindano kitandani ndiye wa kuona haya.

Mtu wa maabara, Lindi
Naongeza homa ya ini aina ya B, ambayo wengi wetu huisahau ingawa chanjo yake ipo. Mgonjwa naye aombwe ridhaa apimwe. Kisanduku kinapofika robo tatu hufungwa, hakishindiliwi.

Mhudumu, Nachingwea
Ahsante, mama. Nimeripoti, nimepimwa, na dozi ya kwanza nimekwisha kuimeza. Kisanduku kipya kimeletwa saa nne.