Tour de France bado ina utamu, au tunatazama kitu tunachojua mwisho wake?

KILELE (mleta mada)
Wakuu, salaam. Hili jambo linanikereketa tangu Julai 2025, na sasa mashindano ya dunia ya Kigali yamepita naona nilimwage. Mimi ni mpenzi wa baiskeli tangu 2013, Mkenya wetu Froome alipochukua Tour yake ya kwanza. Mwaka huu nimekaa mbele ya TV wiki tatu, hatua 21, kutoka Lille hadi Paris. Siku ya mlima Hautacam, hatua ya 12, Mslovenia Pogačar aliondoka zikiwa zimebaki kama kilomita 12 za kupanda. Vingegaard, mtu aliyewahi kumshinda 2022 na 2023, akafika dakika 2 na sekunde 10 baadaye. Kesho yake Peyragudes, kila mtu peke yake na saa yake, yule yule akashinda tena. Hatua 8 zimebaki na mbio zimekwisha! Mwisho wa yote pengo likawa dakika 4 na sekunde 24. Halafu Septemba, Kigali, yeye tena.

Mwaka 1989 LeMond alimshinda Fignon kwa sekunde 8 baada ya wiki tatu. Zile zilikuwa mbio. Hizi za sasa, mtu mwenye shughuli zake hawezi kukaa saa tano akingoja jambo analolijua. Tujadili, bila matusi tafadhali.

ZAMU YA USIKU
"Mtu mwenye shughuli zake." Kaka Kilele, mimi ni muuguzi. Nalala asubuhi, naamka saa nane, nawasha TV huku napika, hatua ikiisha naoga naenda kazini kubadilisha dripu za watu. Hatua zote 21 nimezitazama hivyo. Usituambie sisi tunaotazama hatuna kazi.

KILELE
Dada, sikukusema wewe.

ZAMU YA USIKU
Umesema. Tena umesahau kwamba hatua siyo jezi ya njano peke yake, ile ya anayeongoza mbio zote. Hatua ya 9, Chinon kwenda Châteauroux, tambarare tupu, siku ambayo kila mtu alisema atalala. Van der Poel na mwenzake wa timu, Rickaert, wakachomoka tangu bendera inashuka. Wawili tu dhidi ya kundi zima, kilomita 170 na zaidi. Baadaye Van der Poel akaeleza kwamba Rickaert alikuwa na ndoto ya kupanda jukwaani Tour hata mara moja. Rickaert alivuta mpaka miguu ikamwishia, akabaki nyuma zikiwa zimesalia kilomita chache. Van der Poel akaendelea peke yake, kichwa kimeinama, mdomo wazi, na nyuma yake unaona kundi kama siafu. Wakamkamata zimebaki kama mita 700. Merlier akashinda. Kitunguu changu kiliungua siku hiyo. Wastani wa mwendo ulipita kilomita 50 kwa saa, na jioni Rickaert akapanda jukwaani kupokea zawadi ya mpambanaji wa siku. Sasa niambie hapo Pogačar alikuwa na nafasi gani.

PWANI MASHARIKI
Mimi nimekwama mstari wa tatu wa mleta mada. "Mkenya wetu Froome." Mkenya gani? Tour zake alizichukua na leseni ya Uingereza.

JICHO LA LIMURU
Pwani, heshima. Froome amezaliwa Nairobi 1985. Baiskeli amefundishwa na kocha Kinjah, hapa Kikuyu, si Uingereza. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006 kule Melbourne alivaa jezi gani? Ya Kenya. Uliza kwanza kabla hujaandika.

PWANI MASHARIKI
Na 2008 alivaa ipi? Akabadilisha. Mtoto akihama nyumba, akaanza kuitikia jina la nyumba ile nyingine, huwezi kudai mahari yake.

JICHO LA LIMURU
Alihama kwa sababu gani? Huyu kijana 2006 alijiandikisha mwenyewe mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, kwa barua pepe ya chama, kwa sababu hakuna mtu wa kumwandikisha. Akaenda bila timu. Akaondoka mstari wa kuanzia na papo hapo akamgonga ofisa. Huyo ni mtu anayetaka kuvaa bendera yetu kwa nguvu, na sisi hatukuwa na hata mtu wa kumshikia chupa ya maji. Tour tano zile alizibeba na mapafu ya hapa juu, mita elfu mbili.

WAKILI WA MAJI YA CHAI
Nne. 2013, 2015, 2016, 2017.

JICHO LA LIMURU
Nne, asante. Na 2016 pale Ventoux, pikipiki imemzuia, baiskeli imevunjika, gari la timu liko mbali, mwanaume akaanza kupanda mlima kwa miguu, jezi ya njano mwilini, viatu vya baiskeli vikigonga lami ko ko ko. Mwingereza angesimama angoje gari. Yule alikimbia. Mimi siku hiyo nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

PWANI MASHARIKI
Kukimbia hakumpi mtu kitambulisho.

JICHO LA LIMURU
Wewe ndiye uligawa vitambulisho?

KILELE
Wakuu, swali lilikuwa Hautacam.

KWA MUTWE
Mimi naandika kutoka Kigali. Mleta mada ametaja mashindano yetu kwa nusu mstari, kana kwamba yalikuwa ubashiri tu. Nilisimama Kimihurura, kwenye ile barabara ya mawe, tangu asubuhi. Kilomita 267 na nusu, mzunguko wa jiji mara 15. Mzunguko wa kwanza wanapita na kucheka na watu. Wa nane hakuna anayecheka. Wa kumi na mbili unasikia pumzi zao kabla hujawaona, na chumvi imekauka nyeupe kwenye kaptula zao. Watoto walikuwa juu ya kuta, juu ya miti, kina mama wameacha vibanda. Kati ya watu zaidi ya 160, waliomaliza ni 30. Pogačar aliondoka zimebaki kilomita zaidi ya 100! Mnasema mlijua atashinda. Sawa. Hamkujua itamgharimu nini. Mimi nilimwona uso mzunguko wa mwisho.

WAKILI WA MAJI YA CHAI
Ndugu, hongereni sana, Afrika nzima ilijivuna, ilikuwa mara ya kwanza mashindano ya dunia ya barabara kuja bara hili. Ila hiyo ni mbio ya siku moja. Mada ni mbio za hatua. Siku moja mtu anaweza kumwaga kila kitu. Wiki tatu mtu anakuwa bahili, na ubahili ndio unaotuchosha watazamaji.

KWA MUTWE
Basi twende kwenye hatua. Tour du Rwanda tunayo tangu 1988. Ndayisenga alishinda 2014 na 2016, Nsengimana 2015, Areruya 2017. Hapa watu hawaulizi kama inasisimua, wanauliza inapita saa ngapi.

WAKILI WA MAJI YA CHAI
Na Mugisha 2018. Lakini tangu ilipopandishwa daraja 2019, Mnyarwanda hajashinda tena. Waeritrea, Mhispania, Mwingereza, 2025 Mfaransa. Wageni wanakuja kuchukua.

KWA MUTWE
Umeona raha kuliandika hilo, sivyo? Mtu yeyote akiboresha nyumba yake wageni huongezeka. Tusingepandisha daraja tungeendelea kushinda wenyewe kwa wenyewe, na msingetujua.

WAKILI WA MAJI YA CHAI
Sikukusudia kukuumiza, ndugu. Nimesema takwimu.

ASMARA NDOGO
Mimi nipo Toronto, mume wangu ni Mweritrea, kwa hiyo nimeolewa na baiskeli. Mnabishana Froome miaka kumi na zaidi, halafu 2024 Mweritrea Girmay ameshinda hatua ya Tour kule Turin, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour, na hakuna hata mmoja hapa amemtaja. Akashinda mbili nyingine. Akafika mwisho wa mbio, Nice, na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi. Nyumbani kwetu wazee wa miaka sabini walilia siku ya Turin, wamekaa kwenye makochi na koti zao kwa sababu walikuja mbio bila kuvua. 2025 hakushinda, alikuwa wa pili siku ya kwanza Lille, na bado tulikaa kila siku. Ukiwa na mtu wako ndani ya kundi, hakuna hatua ndefu.

PWANI MASHARIKI
Hapo sasa. Girmay hakubadilisha leseni.

JICHO LA LIMURU
Unamtumia Girmay kunipiga mimi. Mwache kijana wa watu afurahi.

BOSI WA BARABARA
Nimesoma yote. Kwa heshima, baiskeli huku kwetu ni chombo cha kubebea majani ya ng'ombe na madumu ya maji. Mtu akipata hela ananunua pikipiki. Hatuwezi kusisimuliwa na kitu ambacho wazazi wetu walikikimbia. Hilo ndilo jibu la mada.

FUNDI SPOKU
Bosi, mimi ni fundi wa baiskeli Shinyanga miaka 19. Nimesomesha watoto watatu kwa spana namba 15 na boksi la pancha. Hayo madumu unayoyadharau nimeyabeba. Na mbio nimeshiriki, kwa Phoenix ya gia moja, keria tumeifungua asubuhi ili kupunguza uzito, jioni tunaifunga tena twende sokoni.

Nataka nikueleze kwa nini naielewa Tour kuliko wewe mwenye pikipiki. Barabara ya Tinde ina upepo. Ukibeba gunia la mahindi peke yako, upepo unakushika kifua kama mtu anakusukuma urudi. Ukijibana nyuma ya mwenzako, tairi lako la mbele karibu liguse la nyuma la kwake, ghafla pedali zinakuwa nyepesi. Unapumzika huku unakwenda. Baada ya muda yeye anakupa ishara ya kiwiko, wewe unapita mbele. Asiyepita mbele tunamjua, na siku nyingine tunamwacha. Sisi wabeba magunia tunalijua hilo bila kocha. Sasa ukitazama kundi la Tour kwa macho hayo, hakuna dakika iliyolala. Unaona nani anajificha, nani anatumwa mbele kukata upepo, nani amekunywa maji mara mbili mfululizo kwa sababu anaungua. Siku ya Toulouse, hatua ya 11, Pogačar alianguka mwishoni na waliokuwa mbele wakampunguzia mwendo. Kesho yake ndiyo Hautacam, akawaacha wote. Ningekuwa mimi nisingemsubiri.

ZAMU YA USIKU
Mzee Spoku, mimi ningemsubiri. Aliyeanguka hapigwi.

FUNDI SPOKU
Mwanangu, hapigwi, ila hangojwi pia. Akiinuka atafika.

BOSI WA BARABARA
Mzee wangu, nisamehe. Baba yangu alikuwa na Phoenix. Nilikuwa naona aibu akinipeleka nayo shule.

FUNDI SPOKU
Kama ipo bado, ilete. Mnyororo nitakuwekea bure.

WAKILI WA MAJI YA CHAI
Turudi kwa Kilele, maana ana hoja na tumemtelekeza. Shida kwangu siyo Pogačar. Shida ni timu tajiri kuweka wapandaji ambao kwingine wangekuwa manahodha, wakavuta mpaka wapinzani wote wameishiwa. 2020 huyu huyu Pogačar aliingia hatua ya 20, La Planche des Belles Filles, akiwa nyuma ya Roglič kwa sekunde 57. Akatoka amemzidi sekunde 59. Peke yake, saa na mlima. Wakati ule alikuwa na timu dhaifu, na Roglič ndiye aliyekuwa na jeshi. Mlimpenda alipokuwa anavamia, sasa anayo ngome mnasema anachosha.

KILELE
Angalau mmoja amenielewa. Mimi sina chuki na kijana. Ile 2020 nilisimama kwenye kiti. Nataka nisimame tena kwenye kiti.

ZAMU YA USIKU
Hukusimama siku ya Ventoux, hatua ya 16? Pogačar na Vingegaard walikuwa nyuma na vita vyao, lakini mbele Mfaransa Paret-Peintre na Healy wanapigania ushindi, mlima mweupe hauna hata kichaka. Mita za mwisho Healy anapita, Mfaransa anarudi, anapita tena. Ufaransa ilikuwa haijashinda hatua hata moja ya Tour hiyo mpaka siku hiyo.

KILELE
Hiyo sikuiona.

ZAMU YA USIKU
Ulisema wiki tatu.

KILELE
Nilizima baada ya Peyragudes. Niliona imekwisha.

JICHO LA LIMURU
Kumbe! Watu wanatukanana hapa tangu asubuhi kwa ajili ya mtu aliyetazama nusu.

KILELE
Nimetazama hatua 13, bwana Limuru. Sikudanganya kuhusu Hautacam. Ila hapo kwenye wiki tatu nilizidisha, samahani. Paris je? Nilisoma matokeo tu, kwamba Van Aert ameshinda.

ZAMU YA USIKU
Paris hawakuishia kuzunguka barabara ya Champs-Élysées tu kama desturi. Walipandishwa kilima cha Montmartre mara tatu, kupitia Rue Lepic, mawe, watu wamejaa pande zote mpaka njia imebaki upana wa mlango. Mvua ikanyesha. Waandaaji wakasimamisha hesabu ya muda wa jumla mapema, kwa hiyo Pogačar tayari alikuwa bingwa hata akimaliza kwa kutembea. Mtu mwingine angekaa nyuma ajilinde asianguke. Yeye akaenda mbele kushambulia kwenye mawe yenye utelezi. Mara ya tatu kupanda, Van Aert akainuka kwenye siti, akamwacha. Pogačar akanyoosha shingo kumtafuta na hakumpata. Akashuka peke yake Van Aert mpaka kwenye mstari. Nilichelewa kazini dakika ishirini na nilimwambia msimamizi wangu ukweli.

KILELE
Naitafuta leo usiku. Ventoux pia.

PWANI MASHARIKI
Limuru, bado hujanijibu kuhusu 2008.